Taa ambayo shofere haioni

Msimu wa jua uliopita, mwenzetu mmoja mchimbaji alitoka Mongbwalu asubui juu ya moto, anarudi Bunia kuona watoto. Mbele yake kulikuwa Fuso moja imepakia mbao, na watu wamekaa juu ya mbao. Munajua ile vumbi ya mwezi wa kwanza katika barabara yetu: gari ikipita, nyuma inabaki ukuta mwekundu. Mwenzetu alikuwa anafuata kivuli tu. Mbele kidogo ya kufika Iga-Barrière, Fuso ikakuta shimo, shofere akakanyaga freni. Nyuma ya gari hakuna taa iliyowaka. Moto ikaingia chini ya karoseri, na mguu wa mwenzetu ukavunjika mara mbili chini ya goti.

Tulipofika hospitali jioni, alituambia neno moja ambalo mpaka leo halijatutoka: «Miye nilikuwa naangalia. Nilikuwa naangalia kabisa. Lakini ile gari haikuniambia kitu.»

Mtu huyu ni mchimbaji wa mikono. Hana namba ya CNSS, hana kontra, hana patroni wa kumulipia dawa. PDG wa shimo alituma kidogo mara moja, kisha kimya. Mke wake anauza mboga sokoni, na watoto wane wako masomoni. Siye wa sendika tukakotiza, kila mtu kadiri ya mfuko wake. Lakini kukotiza hakurudishe mguu. Njo maana leo tunaandika juu ya kitu kidogo sana, ambacho wengine watatucheka: ampule ya freni. Ginsi ya kuijua, kuipima, na kuibadilisha nyumbani, katika parsele, bila kungoja mekanisiye.

Tulienda kugombana, tukarudi na haya

Kwanza tuseme ukweli wetu. Baada ya ile ajali, tulimtafuta shofere wa Fuso. Tulimkuta amekaa kwenye parking, macho chini.

«Bakubwa, miye natumika tu,» alituambia. «Ampule ilikufa tangu siku mingi. Nilimwambia patroni. Alisema, fanya kwanza hii turu, tutanunua ukirudi.»

Tukapanda katika gari letu, tukaenda kwa patroni. Gari letu ni Corolla ya zamani. Tulinunua pamoja, sehemu kwa sehemu, kwa kubeba wagonjwa na kwa kufika kwenye machimbo kama kuna shida. Tukasema na yule patroni maneno makali. Tukamwambia kwamba mtu asiyeweza kununua ampule asipeleke gari barabarani. Alisikiliza, akatoa pesa kidogo ya matunzo, tukaondoka na vichwa juu.

Siku ya Mungu iliyofuata tulikutana katika parsele ya mwenzetu mmoja hapa Nyakasanza. Mmoja wetu alikuwa anasogeza Corolla ili kupisha kivuli kwa wamama. Mtoto wa miaka kama 8 alikuwa amesimama nyuma. Akasema: «Papa, hii ya kushoto haiwake.»

Tukakanyaga tena. Ya kushoto imekufa kabisa. Ya kulia ilikuwa inawaka kidogo, sawa kibatari. Na hakuna hata mmoja wetu aliyejua toka lini. Tulienda na lile gari mpaka mlangoni pa yule patroni kumpigia kelele juu ya stopu zake, nasi stopu yetu ilikuwa imekufa vilevile!

Ile siku tulielewa jambo. Taa ya mbele ikikufa, shofere anajua usiku uleule, juu ya giza. Taa ya kugeuza upande ikikufa, ile mlio wa tik-tik ndani ya gari mara nyingi inabadilika, inakimbia, naye anasikia. Lakini stopu inawaka nyuma yake, wakati macho yake iko mbele. Ni taa ambayo mwenye gari anaweza kutembea nayo imekufa miezi sita bila kusumbuliwa na kitu. Anayesumbuliwa ni yule anayekuja nyuma.

Ni maneno, hapana mwangaza

Wachimbaji tunaelewa hii kuliko watu wengine. Mtu akiwa chini ya shimo, hawezi kuona walio juu. Anavuta kamba, wa juu wanajua: pandisha, simamisha, kuna hatari. Kamba ikikatika, hata kama mashine yote ni nzima, hakuna mtu mwenye akili atakubali kushuka. Stopu njo kamba ya barabarani. Haimulikii njia. Inaleta neno moja tu kutoka mguu wa yule aliye mbele mpaka jicho la yule aliye nyuma: «Ninapunguza.»

Na hilo neno linafika haraka. Mguu ukigusa pedali tu, taa inawaka, hata gari halijaanza kupunguza mwendo sawasawa. Tupige hesabu. Moto inayokwenda kilometa 60 kwa saa inakula karibu metre 17 kila sekunde. Hata ikiwa kwa kilometa 40, ni metre 11 kwa sekunde. Sasa bila stopu, yule wa nyuma anangoja mpaka aone kwa macho kwamba gari la mbele linakuwa kubwa, linakuja kwake. Akipoteza sekunde moja tu kwa kuelewa, amekwisha kupoteza zile metre 17, kabla mkono wake haujagusa freni. Katika vumbi, au katika ukungu wa asubui upande wa Djugu, hizo metre 17 njo tofauti ya kufika nyumbani na kufika hospitali.

Tena muwaze barabara ya Kasenyi. Bunia iko juu, karibu metre 1 270, na ziwa Albert liko chini, karibu metre 620. Baada ya Bogoro, barabara inashuka ule mteremko wote mpaka ziwani. Gari zilizopakia zinashuka moja nyuma ya nyingine, na shofere anakanyaga freni mara kwa mara. Pale stopu iliyokufa ni sawa mtu anayeshuka ngazi na mzigo bila kuwaambia wenzake: «Nasimama.»

Kwa nini zinakufa sana kwetu

Gari zetu nyingi zilikwisha kuzeeka kwa watu wengine mbele ya kufika hapa. Ndani ya ampule ya kawaida kuna nyuzi nyembamba sana za chuma. Nyuzi hizo zinawaka kwa moto mkali, na hazipendi mitikiso. Sasa barabara ya machimbo ni mitikiso toka mwanzo mpaka mwisho. Uzi unakatika, basi.

Kitu cha pili ni vumbi na maji. Kile kifuniko chekundu cha taa kikipasuka kidogo, mvua inaingia. Mahali ampule inapokaa panashika kutu, na umeme haupite tena vizuri. Hapo ampule inaweza kuwa nzima lakini haiwake. Watu wengi wananunua ampule mbili, tatu, wanasema soko linawaibia, kumbe shida ni kutu.

Kitu cha tatu tunajifanyia siye wenyewe: kupakia kofre mpaka mzigo unasukuma nyaya za taa, ao kuosha gari kwa kumwaga ndoo ya maji mahali kifuniko kimepasuka.

Tuanze kwa kupima

Kama muko wawili, ni rahisi. Mmoja anakaa ndani, anafungua kontakti, anakanyaga pedali. Mwingine anasimama nyuma, kando kidogo, hapana katikati ya njia ya gari. Anahesabu: kushoto, kulia, na ile ya tatu ya juu kama gari iko nayo. Zote zinapaswa kuwaka pamoja na kuzima pamoja. Kisha mrudie wakati taa ndogo za usiku zimewashwa. Stopu inapaswa kuonekana kali kuliko taa ya usiku. Kama hakuna tofauti, kuna shida.

Kama uko peke yako, rudisha gari karibu na ukuta mweupe wakati jua linaingia. Kanyaga freni na uangalie katika kioo: mwangaza mwekundu utaonekana kwenye ukuta pande mbili. Huna ukuta? Tafuta kijiti kigumu, ukikaze kati ya pedali na kiti, kisha ushuke, uzunguke nyuma. Usisahau kutoa kijiti mbele ya kuondoka.

Kwa moto ni vilevile. Wengi wetu tunatembea na moto, na moto nayo iko na stopu. Upime mara mbili: mara moja kwa mkono wa kulia, mara moja kwa mguu. Kwenye moto nyingi kila freni iko na kontakti yake ndogo. Unaweza kukuta ya mguu inawasha taa, lakini ya mkono imekufa.

Kuijua ampule

Mbele ya kwenda sokoni, toa ampule ya zamani, uibebe mfukoni. Usiseme tu kwa muuzaji: «Nipe ya stopu.» Kuna vitu vine vya kuangalia.

Kwanza, volti. Gari ndogo na moto zinatumia volti 12. Fuso na malori mengi makubwa zinatumia volti 24. Imeandikwa kwenye chuma cha ampule. Ukiweka ya 12 katika lori la 24, itakufa palepale. Ukiweka ya 24 katika gari la 12, itawaka dhaifu, na wa nyuma hataona neno.

Pili, wati. Ya stopu ni wati 21. Mara nyingi utakuta imeandikwa 21/5. Maana yake ndani kuna nyuzi mbili: ya wati 21 kwa freni, ya wati 5 kwa taa ya usiku. Ampule moja inafanya kazi mbili. Kama gari lako linataka ya nyuzi mbili, ya uzi mmoja haiwezi kufanya kazi yake.

Tatu, kitako. Kuna zile za kitako cha chuma kilicho na vipele viwili kando. Kwenye ampule ya nyuzi mbili, vipele havilingane: kimoja kiko juu, kingine chini. Hiyo iliwekwa kwa makusudi, ili usiigeuze. Watu wenye nguvu nyingi wanalazimisha mpaka inaingia kinyume. Halafu taa ya usiku inawaka sana, na ukikanyaga freni inawaka kidogo. Toyota nyingi za miaka ya karibu ziko na ampule za kioo tupu, bila kitako cha chuma. Hizo unavuta tu moja kwa moja, na unasukuma mpya moja kwa moja.

Ine, angalia uzi ndani, mbele ya kulipa. Inua ampule kwenye mwangaza. Nyuzi ziwe nzima, hazijakatika, na kioo kisiwe cheusi. Ukiweza, muombe muuzaji aipime kwenye batri mbele yako.

Kazi yenyewe

Vyombo ni vichache: turnevisi ya msalaba, kle ya 10, kitambaa kikavu, na kipande kidogo cha papie emeri. Basi.

Tunasimamisha gari mahali palipo sawa, tunaweka jiwe nyuma ya gurudumu, tunazima moteri na taa zote, tunatoa ufunguo. Kama taa zilikuwa zinawaka, tunangoja dakika kumi. Ampule ya wati 21 ikitoka kuwaka inachoma vidole vizuri sana. Kama kuna bidoni za mafuta katika kofre, tunazitoa kwanza na kuziweka mbali. Hapo hatuvute sigara.

Sasa njia ya kufika kwenye ampule. Kwa gari kama Corolla, tunafungua kofre. Kwa ndani, nyuma ya taa, kuna kifuniko kidogo ao kitambaa cha ukuta wa kofre. Tukikisogeza tunaona mgongo wa taa na nyaya zake. Kwa Noah na RAV4 nyingi, tunafungua mlango wa nyuma. Kando ya taa tunaona skuru ao bulo mbili. Tunazitoa, kisha tunavuta taa nzima kuelekea nyuma polepole, bila kuipindisha, kwa sababu ubavu wa pili umeshikwa na vipini vya plastiki. Kwa Land Cruiser za kazi, na moto nyingi, skuru ziko nje, juu ya kile kifuniko chekundu chenyewe. Tunakitoa na ampule iko mbele ya macho.

Kikalio cha ampule tunakizungusha upande wa kushoto kidogo, robo ya mzunguko, kinatoka na nyaya zake. Kama ampule iko na kitako cha chuma, tunaisukuma ndani kidogo, tunaizungusha kushoto, inatoka. Kama imeshikwa na kutu, hatutumie nguvu kwa vidole vitupu. Tunaifunga kwanza katika kitambaa, maana kioo kikivunjika kinakata mkono sawa wembe.

Mbele ya kuweka mpya, tunaangalia ndani ya kikalio. Kama kuna rangi ya kijani ao nyeupe ya kutu, tunakwangua polepole kwa papie emeri mpaka chuma king'ae, tunapangusa vumbi. Hii ni kazi ya dakika mbili, na mara nyingi njo dawa yenyewe. Corolla yetu, upande wa kulia ambao ulikuwa unawaka sawa kibatari, haukutaka ampule mpya. Ulitaka kukwanguliwa tu.

Tunashika ampule mpya kwa kitambaa kikavu, tunaiingiza vipele vikiwa mahali pake, tunasukuma, tunazungusha kulia mpaka ishike. Mbele ya kufunga skuru yoyote, tunapima: mmoja anakanyaga, mwingine anaangalia. Ikiwaka, tunarudisha kila kitu. Skuru za plastiki tunazikaza kwa adabu. Ukikaza kwa hasira kifuniko kinapasuka, na mvua ya kwanza itakurudisha mwanzo. Kama kiko na kaushu kandokando, tuhakikishe imekaa vizuri.

Mara ya kwanza sisi tulichukua nusu saa, na kubishana ndani yake. Sasa ni dakika kumi.

Kama bado haiwake

Angalia ni ngapi hazikuwaka. Kama ni moja tu, shida iko kwenye ile moja: ampule, kutu, ao waya wake. Kama zote zimekufa pamoja, si rahisi ampule zote zikatike siku moja. Hapo tafuta mahali zinapokutana.

Mahali pa kwanza ni fizibu, kile kipande kidogo cha rangi kilicho na uzi ndani, kwenye sanduku la fizibu. Kwenye kifuniko cha sanduku mara nyingi imeandikwa STOP. Uzi ukikatika, weka nyingine ya namba ileile. Kama ilikuwa 10, weka 10. Hapa tunasema kwa sauti: usifunge fizibu na karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, wala na kipande cha waya. Fizibu ilikatika ili waya usiwake moto. Ukimziba mdomo, gari litawaka, pengine na mafuta ya jenereta nyuma. Na kama fizibu mpya inakatika tena palepale, kuna nyaya mbili zinagusana. Hiyo tumpelekee fundi wa umeme.

Mahali pa pili ni kontakti ya pedali, kitufe kidogo juu ya pedali ya freni. Pedali ikishuka, kitufe kinatoka na taa inawaka. Waya wake unaweza kuchomoka, ao kitufe kikakwama na vumbi. Dalili ingine ya kitufe kibaya ni stopu kuwaka wakati wote hata mguu hauko kwenye pedali. Watu wengine wanafurahi kwamba «zinawaka vizuri», kumbe taa inayowaka wakati wote haisemi kitu, na asubui batri imekwisha.

Mahali pa tatu ni waya wa mase, ule unaofungwa kwenye chuma cha gari. Ukilegea ao ukishika kutu, umeme unatafuta njia ingine. Utaona maajabu: unakanyaga freni, taa ya kugeuza inawaka kidogo. Kwangua pale, kaza, mambo yanarudi sawa.

Na neno moja zaidi: stopu kuwaka haina maana freni iko nzima. Taa inasema tu mguu umegusa pedali. Kama pedali inashuka mpaka chini, usitafute ampule, tafuta fundi siku ileile.

Hii ni kazi ya sendika?

Wengine watauliza: ampule ya gari inaingia wapi katika mambo ya wafanyakazi? Inaingia kila asubui, wakati watu wanapanda nyuma ya lori kwenda kazini.

Sheria ya barabara ya inchi yetu, namba 78-022 ya tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka 1978, inajua taa za stopu. Hapana mapendezi ya tajiri. Na Code du travail, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, inaweka usalama wa mfanyakazi juu ya patroni. Kwa wale walioandikwa CNSS, ajali ya njiani kati ya nyumba na kazi inahesabiwa sawa ajali ya kazi. Ndugu wenye kontra, mujue hiyo, na familia zenu zijue, kwa sababu ajali ikitokea mara nyingi njo mama anabaki kutembea na makaratasi. Delegasyo ya sendika iko na haki ya kuandika katika barua kwamba gari ya kubeba wafanyakazi haina stopu. Barua iwe na tarehe, namba ya gari, na kopi ibaki kwetu. Neno la mdomo linakwenda na vumbi.

Kwa wachimbaji wa mikono, ambao njo wengi wetu, hakuna CNSS wala delegasyo. Kuna macho yetu tu. Kwa hiyo tunasema hivi: mbele ya kupanda, mtu mmoja kati ya wasafiri aende nyuma, amuombe shofere akanyage. Amuombe kwa heshima. Shofere ni mfanyakazi kama siye. Tulimkuta yule wa Fuso, tukaona mtu aliyekuwa anaogopa kupoteza kazi yake kwa sababu ya kudai ampule. Wasafiri ishirini wakisema pamoja «hatupande mpaka stopu iwake», wanamsaidia yeye kuliko kumtukana. Patroni atanunua, kwa sababu gari lisilotembea linamkula pesa.

Na kwenye bariyeri, wote tunajua: ampule moja iliyokufa inaweza kukutoa pesa ya ampule nyingi, na hata kitansi usipewe. Mwenye taa nzima anasimama wima anaposema na askari. Haitamaliza matata yote ya njia zetu, lakini inapunguza mlango mmoja.

Mtoto nyuma ya gari

Corolla yetu sasa iko na sheria yake. Katika kisanduku cha mbele tunaweka ampule mbili za akiba zimefungwa katika kitambaa, fizibu mbili za namba ya stopu, turnevisi, na papie emeri. Anayechukua gari asubui hawezi kuondoka mpaka mtu asimame nyuma na kusema: «Kushoto iko. Kulia iko. Ya juu iko.» Mara nyingi ni watoto wanafanya hiyo kazi, na wanaifanya kuliko siye wakubwa, kwa sababu wao hawana haraka. Tunawafundisha tu kusimama kando, mahali shofere anawaona katika kioo.

Mwenzetu wa Iga-Barrière anatembea sasa na fimbo. Shimoni bado hawezi kushuka. Mwezi uliopita alikuja kwenye kikao, na tulipotaka kumrudisha kwake jioni, alikataa kupanda kwanza. Alizunguka polepole mpaka nyuma ya gari, akaegemea fimbo yake, akasema: «Kanyaga.»

Tukakanyaga.

«Sasa inasema,» akajibu, akafungua mlango, akakaa.